Unataka Kuzisoma Lugha za Dunia? Anza na "Sijui"



Swali la leo limetoka Luano, Lubumbashi, kwa binti aliyepata diploma yake ya Serikali na sasa anangoja kuingia chuo. Nalifupisha: "Yaya, baba yangu ni Mluba wa Kasai, mama ni Mbemba. Na majirani tunaongea Kiswahili, shuleni Kifaransa, na ndege za Kinshasa zikishuka hapa Luano nasikia Kilingala kila upande. Napenda kujua lugha zimejengwa vipi, za kwetu na za mbali. Baba anataka nisome mambo ya migodi. Wenzangu wanasema Kiswahili chetu chenyewe kimeharibika, sasa nitasoma sarufi gani? Nifanyeje?"

Mdogo wangu, nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa najua wenye swali hili ni wengi. Jibu langu ni hili: soma. Lakini usiibebe dunia nzima siku ya kwanza. Chagua jambo moja dogo la sarufi, lichunguze uani kwenu, kisha lifuate lugha kwa lugha. Huko mbali utafika tu. Kabla ya hapo, tushughulike na hilo linalokuuma, la Kiswahili chenu kuitwa kibovu.

Kiswahili chenu kina kanuni

Pita sokoni asubuhi. Mama anayepanga mafungu ya lengalenga na sombe atakwambia yeye "anauzisha". Wewe mwenye franka mkononi ndiye "unauza". Mgeni wa Mombasa au Dar es Salaam atashtuka, maana kwake anayeuza ni mwenye bidhaa. Wengi wakifika hapo hukata shauri kwamba watu wa Lubumbashi wamekosea, na mazungumzo yanaisha.

Mwanafunzi wa sarufi haishii hapo. Anauliza: hiki kiambishi -ish- kina kazi gani? Kinaonyesha kwamba mtu anasababisha mwingine atende: kula, kulisha, kuweza, kuwezesha. Kwa hiyo ikiwa kwenu "kuuza" ni kutoa pesa na kuchukua kitu, basi "kuuzisha" ni kumfanya mwenzako achukue. Sasa kamuulize mama yako kwa Kibemba. Kununua ni ukushita. Kuuza ni ukushitisha. Ujenzi ni ule ule, na kiambishi kiko pale pale. Halafu mtazame huyo mgeni anayecheka. Yeye mwenyewe husema "nimekopa" anapochukua na "nikopeshe" anapoomba apewe. Kanuni anayo, isipokuwa kwake imekaa kwenye mkopo, kwenu imekaa sokoni pia. Hata Wajerumani hujenga kuuza juu ya kununua: kaufen ni kununua, na wakiweka ver- mbele yake wanapata verkaufen, kuuza.

Chukua na hili la mahali. Kwenu husemwa "mu nyumba", katika Kiswahili sanifu ni "nyumbani". Kibemba kina mu ng'anda, Ciluba kina mu nzubu. Utaambiwa hiyo "mu" mmeiokota kwingine. Lakini sikiliza Kiswahili sanifu chenyewe: "Nyumbani mwangu mna wageni." Hiyo mw- ya "mwangu" na m- ya "mna" zimetoka wapi? Ni "mu" hiyo hiyo ya Kibantu. Kwenye nomino imeiachia nafasi -ni, kwenye maneno yanayoifuata ingali hai.

Na ule mwisho wa -aka, kama "banasemaka", unaoonyesha jambo la kawaida? Kilingala kinao. Mwanza, kule Tanzania, utasikia "naendaga". Kiswahili sanifu hutumia hu-: "husema". Kazi ni moja, ila huku kiambishi kinakaa mwishoni mwa kitenzi na kule kinakaa mwanzoni.

Sikwambii ukitupe Kiswahili sanifu. Kijue vizuri, kiandike vizuri, kitakufungulia vitabu na milango kutoka Kigoma hadi Lamu. Ninachokukataza ni kumruhusu mtu akuambie kwamba maneno ya mama yako hayana sarufi. Lugha isiyo na kanuni haiwezi kutumika hata kununua chumvi, maana hakuna atakayeelewana na mwenzake.

Walikutangulia

Usidhani wazo lako ni geni mjini kwenu. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Watu wa lugha nyingi waliwekwa kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya ndoa, kisha lugha ya kwanza ya watoto. Watoto hao ndio babu na bibi zenu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mbelgiji Edgar Polomé alifundisha katika chuo kikuu kipya cha hapo Élisabethville, na mwaka 1968 akachapisha makala iliyokichambua Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye mpangilio wake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili hicho hicho, akieleza maisha ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian aliitoa kitabuni mwaka 1990 pamoja na uchambuzi. Mwaka 1991 Mwamba Kapanga alikiandikia Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, tasnifu ya udaktari huko Illinois, Marekani. Na mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima: sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi. Wenzako wakikuuliza utasoma sarufi gani, wape jina la kitabu hicho: Le swahili de Lubumbashi.

Neno moja, lugha nyingi

Sasa kazi yenyewe. Chukua swali moja: watu wanakanushaje? Kila lugha ya binadamu ina njia ya kukanusha, kwa hiyo popote utakapokwenda utapata jibu. Na tuchukue kitenzi kimoja tu, kujua.

Anza na Kiswahili. "Sijui", "hatujui". Usiyapite mbio. Katika "hatujui" kuna ha- mbele ya tu-, na mwishoni -a ya "jua" imegeuka -i. Ukanusho umekaa pande mbili za kitenzi. Lakini kwa mtu mmoja, mimi, hatusemi "hanijui" kwa maana hiyo, tunasema "sijui". Nafsi ya kwanza umoja imejitenga na wenzake.

Nenda jikoni kwa mama. "Sijui" kwa Kibemba ni nshishibe. "Hatujui" ni tatwishibe. Tazama: kwa "sisi" kuna ta- mbele, kwa "mimi" kuna nshi-. Nafsi ya kwanza umoja imejitenga hapa pia.

Nenda kwa baba. "Sijui" kwa Ciluba ni tshiena mumanye. "Hatujui" ni katuena bamanye. Kwa "sisi" ni ka-, kwa "mimi" ni tshi-. Mara ya tatu!

Lugha tatu za nyumba moja, na katika zote tatu anayesema "mimi" hukanusha kwa namna yake peke yake. Ukiliona hilo na ukashindwa kulala kwa kutaka kujua sababu, mdogo wangu, kazi hii ni yako. Mkongomani Kamba Muzenga alilifuata jambo la aina hii kwa upana: mwaka 1981 kitabu chake kuhusu vitenzi vya kukanusha katika lugha za Kibantu kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji. Swali lako la jikoni lina kitabu.

Ondoka sasa nyumbani. Kilingala: nayebi te, toyebi te. Kitenzi hakiguswi, te inawekwa mwishoni mwa sentensi, awe mimi au awe sisi. Kifaransa cha darasani: je ne sais pas, ukanusho mbele na nyuma ya kitenzi. Kifaransa cha barabarani: je sais pas, ule wa mbele umeanguka. Mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen alieleza mwaka 1917 namna mambo haya yanavyozunguka: neno la kukanusha hudhoofika, hupewa msaidizi, msaidizi huota mizizi, na mwenye mahali hatimaye huondoka. Kikongo nacho huzunguka kitenzi kwa ka mbele na ko nyuma. Na mwaka 2010 Maud Devos, Kasombo Tshibanda na Johan van der Auwera walichapisha makala kuhusu Kanincin, lugha ya jamii ya Kiruund, ambamo sentensi moja yaweza kubeba alama mbili za kukanusha, hata tatu. Jambo lililoonwa kwanza Ulaya likapata mfano mkubwa zaidi Kongo.

Vuka bahari. Kijapani: shiranai, ukanusho ukiwa mkiani mwa kitenzi. Kituruki: bilmiyorum, ambapo bil- ni kujua, -um ya mwisho ni mimi, na ukanusho ni ile -m- iliyobanwa katikati. Kifini ndicho kitakachokushangaza zaidi: en tiedä, sijui, emme tiedä, hatujui. Hapo neno la kukanusha lenyewe ndilo linalobadilika kwa nafsi, kama kitenzi, na "kujua" kunabaki vile vile.

Ukikaa na daftari lako ukapanga majibu haya, utaona lugha zinazokanusha mbele, zinazokanusha nyuma, zinazozunguka, zinazoficha ukanusho ndani, na zinazoukabidhi kwa kitenzi cha pekee. Hapo umeshaanza taipolojia ya lugha: kuziweka lugha kwa jinsi zilivyojengwa, hata kama hazina undugu wala hazijawahi kukutana.

Kutoka swali moja hadi ramani

Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg alichapisha makala iliyoipa fani hii msukumo mkubwa. Alichukua lugha 30 kutoka mabara yote akatoa kauli 45 kuhusu mpangilio wa sarufi. Kiswahili kilikuwamo katika hizo 30, na Kimaasai pia. Mojawapo ya aliyoyaona ni hili: lugha zinazoanza na kitenzi, kama Kimaasai, huweka kihusishi kabla ya nomino, zinazomaliza na kitenzi, kama Kijapani na Kituruki, karibu zote huweka kihusishi baada ya nomino. Mpangilio wa sehemu moja ya sarufi unakuonyesha mapema utakachokikuta sehemu nyingine. Kwa nini iwe hivyo? Watu bado wanabishana, na ubishi huo unakungoja.

Leo kuna kazi kubwa zaidi. Atlasi iitwayo WALS ilitoka mwaka 2005, nayo ina habari za lugha zaidi ya 2,600. Grambank ya mwaka 2023 inalinganisha sarufi za lugha na lahaja zaidi ya 2,400 kwa vipengele 195. Zote mbili zinasomwa bure kwenye intaneti. Utalipia mega tu. Fungua ramani ya ukanusho, kisha utafute lugha za kwenu. Zingine utazikuta, zingine zina habari chache mno. Kila nukta kwenye ramani hizo imetokana na mtu aliyekaa na wenye lugha akaandika walivyosema. Pale pasipo na nukta, pana kazi ya mtu wa Katanga.

Namna ya kufanya kazi yenyewe

Nisikilize hapa kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Omba ruhusa kwanza. Huwezi kumrekodi mama wa watu kwa simu iliyofichwa mfukoni. Salimia, eleza unachotafuta, mwambie sauti yake utaiweka wapi. Akikataa, shukuru uondoke. Na ukimaliza kuandika, rudi umsomee ulichoandika, kwa sababu maneno ni yake.

Usitegemee tafsiri peke yake. Ukimuuliza mzee "je ne sais pas mnasemaje kwenu?", atajitahidi kuifuata sentensi yako ya Kifaransa, na utabeba nyumbani Kifaransa kilichovaa maneno ya Kibemba. Mwombe akusimulie safari yake ya Kasumbalesa, au namna ya kupika bukari isiwe na madonge. Katika simulizi hizo atakanusha mwenyewe, tena vizuri.

Andika ulichosikia. Akisema "mu nyumba", andika "mu nyumba". Kumsahihisha mtu ndani ya daftari ni kuharibu ushahidi. Na masikio yawe wazi kwa sauti ya juu na ya chini: Kiswahili kilipoteza toni, lakini Kibemba na Ciluba zinazo, tena toni za Ciluba ni maarufu kwa kuwa kinyume na zile za lugha nyingi ndugu zake. Ukiziacha, nusu ya sarufi imekuponyoka.

Igawe kila sentensi kwa mistari mitatu. Wa kwanza ni maneno yenyewe yaliyokatwa vipande: ha-tu-ju-i. Wa pili ni kazi ya kila kipande: kanushi, sisi, jua, kanushi. Wa tatu ni maana ya sentensi nzima. Wanaisimu duniani kote huandika hivi, kwa hiyo msomaji wa Helsinki au Tokyo ataweza kukifuata Kibemba cha mama yako bila kuwahi kufika Luano.

Usihukumu lugha kwa mtu mmoja. Uliza kijana na mzee, mzaliwa wa mjini na aliyekuja juzi. Wakipishana, usitafute nani kakosea. Andika nani kasema nini.

Na usipange lugha kwa vyeo. Hakuna sarufi "ya kishamba". Kifini chenye kitenzi cha kukanusha hakijakizidi Kilingala chenye te. Mtu anayeingia kazi hii ili kuthibitisha kwamba lugha yake ni bora hatasikia vizuri za wenzake.

Ushauri mmoja wa ziada: jifunze kusoma Kiingereza. Kazi nyingi za fani hii zimeandikwa kwa lugha hiyo, na Kifaransa peke yake kitakubakisha nusu njia. Ikiwa sekondari ulisoma mchepuo wa Latin-Philo, uvumilivu ulioupata kwa Kilatini utakufaa sana.

Kuhusu baba

Usimjibu baba kwa hasira wala kwa kununa. Ameuona mgodi ukilisha familia, na hofu yake ni upendo. Mweleze kwa utulivu, na umweleze ukweli: sikuahidi, nawe usimwahidi, mshahara wa mhandisi. Lakini kazi zipo. Kuna ualimu. Kuna tafsiri na ukalimani, mahakamani, hospitalini na kwenye mashirika ya misaada. Kuna utangazaji: tangu mwaka 2002 Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Lugha hizo nne, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba, zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2006, na Serikali imepewa jukumu la kuziendeleza. Jukumu hilo haliwezi kutimizwa bila watu wanaojua zilivyojengwa. Na sasa kuna programu za simu na kompyuta zinazofundishwa kusikia na kuandika lugha za Afrika. Programu iliyofunzwa "husema" peke yake itababaika ikisikia "banasemaka", na anayeweza kuirekebisha ni yule anayejua kanuni za vyote viwili.

Kama nyumbani hawatakubali kabisa, usivunje familia. Soma wanachokuchagulia, na jioni endelea na daftari lako. Lakini kwanza jaribu hivi: mwombe baba awe mwalimu wako wa Ciluba. Kaa naye, muulize, andika anavyosema, kisha msomee. Mzazi akiona maneno yake yanaandikwa kwa heshima na kuchambuliwa, ataelewa vizuri zaidi unachotaka kusoma kuliko ukimweleza kwa mwezi mzima. Kisha nenda Fakulti ya Lettres ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uliza masomo ya isimu yalivyopangwa na ada yake, ili mkikaa tena na baba uwe na jibu kamili mkononi.

Kazi ya wiki hii

Hii ni kwa wasomaji wote, wa Luano, wa Kenya, wa Bagamoyo, popote mlipo. Tafuteni watu wanne wenye lugha nne tofauti. Waulizeni kuhusu siku yao, muwasikilize, na kila anapokanusha andikeni sentensi yake nzima. Ikateni kwa mistari mitatu niliyowaonyesha. Tazameni ukanusho umekaa wapi: mbele, nyuma, pande mbili au ndani. Angalieni hasa anayesema "mimi", kama naye amejitenga au yuko pamoja na wenzake. Mkimaliza nitumieni, mkiniambia na lugha yenyewe inaitwaje kwa wenyewe. Nitazisoma zote, na zile zitakazonishinda tutazitatua pamoja hapa hapa.